Namba Iliyotulia Mno

Saa nane za usiku skrini ya chumba cha udhibiti inaonyesha kuwa tangi la kilimani lina maji asilimia 63. Saa tisa, 63. Saa kumi na mbili asubuhi watu wameshajaza ndoo, wameshaoga, wameshachemsha chai, na bado ni 63. Hapo opereta anayeijua kazi yake huinua simu. Mbele yake hapana taa nyekundu wala alamu, na namba yenyewe si mbaya, maana tangi lililopita nusu halimnyimi mtu usingizi. Kinachomtia shaka ni ule utulivu. Maji ya mji hayakai hivyo. Hupanda sentimita mbili, hushuka tano, hutikisika pampu inapowashwa. Namba iliyokaa mahali pamoja tangu usiku wa manane haitoki kwenye maji.

"Fundi, lile tangi la juu limeganda."

"Limeganda tangu lini, mama?"

"Tangu saa nane. Nimeliangalia mpaka macho yanauma."

"Basi usiliamini mpaka nikupigie."

Anayejibu simu hiyo, katika mamlaka zetu za maji, huandikwa kwenye orodha ya watumishi kama fundi sanifu wa umeme. Pampu ni zake, paneli ni zake, na vifaa vyote vya kupimia ni vyake: vya kina cha maji, mtiririko, presha, tope, klorini. Wengine wamepita vyuo vya ufundi vya VETA, wengine Chuo cha Maji pale Ubungo au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na wote wamemalizia masomo juu ya ngazi za matangi. Pampu kubwa ina watu wengi wa kuistaajabia, kwa sababu inanguruma na wageni hupelekwa kuiona. Namba iliyo kwenye skrini ina huyu mmoja wa kuitetea, na ndiyo inayoamua pampu iwashwe au izimwe, vali ifunguliwe au ifungwe, mtaa gani upate maji leo. Tangi letu likisema 63 wakati limebaki theluthi, mfumo hautaona sababu ya kusukuma maji, na wa kwanza kukauka ni wale wanaoishi juu karibu na tangi lenyewe.

Kati ya tangi na skrini, ujumbe husafiri kwa njia ambayo sijachoka kuipenda. Kifaa kilicho juu ya tangi hupokea umeme wa volti 24 kwa nyaya mbili, na kwa nyaya hizo hizo mbili hurudisha jibu. Jibu lenyewe ni kiasi cha mkondo ambacho kifaa kinakiruhusu kipite: miliampea 4 maana yake tupu, miliampea 20 maana yake tele, na kila kina kilicho katikati kina mahali pake. Nusu ya tangi ni miliampea 12. Asilimia 63 ni 14.08. Kingetumia volti kama ujumbe, waya mrefu ungekula sehemu ya volti hizo njiani na namba ingefika pungufu. Mkondo ni kama maji ya mfereji usiovuja: unaoingia mwanzoni ndio unaotoka mwishoni, hata waya ukiwa na urefu wa mita 10 au 1,000.

Lakini uzuri wenyewe uko kwenye ile nne. Kwa nini tupu isiwe sifuri? Kwa sababu sifuri ingebeba maana mbili zisizotofautishika: tangi limekauka, au waya umekatika. Waliobuni mpango huu walitaka tangi tupu lijitangaze kuwa tupu, ili kimya kibaki kuwa alama ya ajali tu. Hata kabla ya umeme kushika kazi hii, mitambo iliyotumia hewa katika vijibomba ilianzia paundi 3 kwa inchi ya mraba na kuishia 15, kwa sababu hiyo hiyo. Fundi akikuta 4.00 anajua maji yameisha. Akikuta 0 anajua fyuzi imeungua, au panya amekula kebo, au kifaa kimekufa. Vifaa vingi vya kisasa vimeongeza adabu nyingine: vikijigundua vina kasoro, hushusha mkondo hadi 3.6 au kuupandisha kupita 21, mahali ambapo maji hayawezi kufika, ili asiwepo wa kuidhania kasoro kuwa kipimo. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa uamuzi wa kiungwana kabisa katika uhandisi, na umefanywa na watu waliojua kwamba siku moja kungekuwa na mtu peke yake kilimani, ana mita mkononi, akihitaji kujua aanzie wapi.

Huyo mtu sasa amefika. Chini ya tangi kuna kijumba, ndani yake paneli. Haifungui na kuchokonoa. Ndani ya kabati hilo hilo zimo volti 400 za kuendeshea pampu ndogo ya kupandisha maji, sentimita chache kutoka kwenye zile 24 anazozitafuta. Kwanza anaijaribu mita yake mahali anapojua pana umeme. Kisha anapima pale anapotaka kushika. Kisha anarudi kuijaribu mita pale pa mwanzo, isije ikawa ndiyo iliyokufa katikati ya kazi. Kama kuna kitu cha kuzimwa, anakifunga kwa kufuli lake mwenyewe na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Nimeona vijana wakiharakishwa na wakubwa zao kuruka hatua hizi, na nimeona fundi mzee akisimamisha kazi nzima mpaka kufuli likaletwa kutoka garini. Sijui heshima gani nyingine anayostahili mwanafunzi iliyo kubwa kuliko hiyo.

Anapima: 14.08. Kwa kipimo hicho kimoja amekwisha kuiondolea hatia nusu ya safari. Modemu haijashikilia namba ya zamani, skrini haijaganda, kompyuta ya udhibiti (PLC) inatafsiri sawasawa. Mkondo halisi unaotoka juu unasema asilimia 63. Basi anayedanganya yuko juu, na inabidi kupanda.

Huko juu anafungua mfuniko na kushusha utepe wa chuma wenye timazi. Kitendo hiki hakina teknolojia yoyote, na ndicho ninachokiona kuwa kiini cha ufundi wenyewe. Utepe hauna betri, hauna mipangilio, hauna sababu ya kupendelea upande. Unarudi ukiwa umelowa mita 1.90 kutoka sakafuni. Tangi hili likijaa lina mita 5, kwa hiyo maji ni asilimia 38, na skrini ilipaswa kupokea miliampea 10.08. Kifaa kinasema mita 3.15. Kuna mita 1.25 za maji ambayo hayapo.

Kifaa chenyewe hupima kwa sauti isiyosikika. Hupiga mlio kwenda chini, husubiri mwangwi, kisha huhesabu umbali kwa muda uliopita. Sauti hewani huenda kasi ya mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na kasi hiyo huongezeka hewa inapopata joto, ndiyo maana ndani yake kuna kipimajoto kidogo cha kurekebishia hesabu. Fundi anawasha tochi na kufuata njia ya mlio kwa macho. Ngazi ya chuma inashuka ndani ya tangi, na kifaa kimeinama nyuzi chache kuielekea. Pengine mtu alikuja kupaka rangi akaegemea mkono unaokishikilia. Anapima tena kwa utepe: kidato kimoja cha ngazi kiko mita 3.15 kutoka sakafuni.

Kumbe kifaa hakikuharibika hata kidogo. Maji yalipokuwa juu ya kidato hicho, mwangwi wa maji ndio uliotangulia kurudi, na kila namba ilikuwa ya kweli. Saa nane usiku maji yalishuka chini ya kidato. Tangu hapo kifaa kimekuwa kikiupata mwangwi wa chuma, milisekunde 14 hivi kwenda na kurudi, mlio baada ya mlio, na kukiripoti kidato kwa uaminifu kana kwamba ndicho maji.

Anakinyoosha kifaa kwa pimamaji, anakifundisha kuupuuza mwangwi ule usiohama, na skrini inashuka hadi 38. Pampu inaitwa. Wengi wangefunga mfuniko hapo na kushuka. Yeye anakaa. Kosa lilizaliwa kwenye mita 3.15, na kipimo kilicho sahihi kwenye 1.90 hakithibitishi chochote juu ya kitakachotokea maji yatakapokifikia kidato. Kwa hiyo anasubiri tangi lijae, saa moja, saa mbili, akishusha utepe mara kwa mara na kulinganisha, mpaka maji yanapita pale na namba inaendelea kupanda bila kujikwaa.

Kuna makosa ya hila zaidi ya haya, yale yanayojificha ndani ya kipimo kinachotikisika vizuri. Mji kama Dodoma hutegemea visima virefu vya Mzakwe, na kwenye visima virefu kina cha maji mara nyingi hupimwa kwa kifaa kinachozamishwa na kuhisi uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita ya maji ni kilopaskali 9.81. Ila juu ya maji kuna hewa, nayo ina uzito wake, kwa hiyo ndani ya kebo hupitishwa kijibomba chembamba kinachofika hadi juu, ili hewa ikandamize pande zote mbili za kihisi na kujifuta kwenye hesabu. Mdomoni mwa kijibomba huwekwa kikopo cha chembechembe za kunyonya unyevu. Chembe zikishiba maji na kubadilika rangi bila kubadilishwa na mtu, unyevu huingia, tone hukwama, na kijibomba huziba.

Baada ya hapo kisima huanza kupumua. Kina hupanda sentimita mbili au tatu kuelekea saa nne asubuhi, hushuka alasiri kwenye saa kumi, hupanda tena kufikia saa nne usiku, hushuka tena alfajiri. Mtu asiyejua atatafuta nani anayechota kwa ratiba hiyo. Fundi anayejua huitazama chati, halafu huitazama saa. Katika nchi za tropiki presha ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa saa hizo hizo na kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu jua hulipasha joto anga na anga huitikia kwa mawimbi yanayozunguka dunia nzima. Kifaa kilichoziba kimeacha kupima kisima peke yake na kimeanza kupima anga pia. Dawa yake ni kuusafisha mdomo wa kijibomba na kuweka kikopo kipya, kazi ya nusu saa. Kuutambua ugonjwa kwenye chati ni kazi ya miaka, na sijui mtihani wowote wa darasani unaoweza kuipima.

Kwenye mtiririko, mambo ni ya fedha na ya hadhi ya mji mzima. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini unaolisha Dar es Salaam, baada ya upanuzi uliofadhiliwa na Marekani kupitia Shirika lake la Changamoto za Milenia (MCC) kuutoa kwenye lita milioni 180 kwa siku, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270. Kwa kiwango hicho, mita inayokosea kwa asilimia 2 tu hupoteza au kuzua lita milioni 5.4 kila siku, na kwenye vitabu yale yaliyozuliwa yatahesabiwa kuwa maji yaliyovuja au yaliyoibwa. Tunapolia kuhusu maji yanayopotea, na tuna kila sababu ya kulia, sehemu ya kwanza ya kuchunguza ni kama yalipimwa vyema yalipotoka.

Mita za mabomba hayo makubwa hufanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: kitu kinachopitisha umeme kikikatiza ndani ya uwanja wa sumaku, huzaa volti. Mwaka uliofuata alijaribu kuupima mto Thames wenyewe pale Waterloo Bridge, akishusha vibamba vya chuma majini kila upande na kutumia sumaku ya dunia kama uwanja wake. Hakupata jibu la kutegemewa, maana umeme mdogo uliozaliwa kwenye vibamba vyenyewe ulimvuruga. Mita ya leo hubeba sumaku yake na kuigeuzageuza mara nyingi kwa sekunde ili kuutenga umeme huo wa uongo, lakini ishara inayosakwa bado ni milivolti chache au chini ya hapo. Ndiyo maana fundi hushughulikia sana mambo yanayoonekana madogo: waya wa athi unaoiunganisha mita na bomba, bomba lijae wakati wote, kipande kilichonyooka kabla ya mita chenye urefu wa angalau vipenyo vitano. Kwenye bomba la kipenyo cha mita 1.8 hizo ni mita 9 zisizo na kona wala vali. Mchoraji aliyebana nafasi atakuwa amemwachia fundi kosa lisilorekebishika kwa bisibisi yoyote.

Kisha kuna vifaa vinavyohusu afya moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita. Vihisi vingi vya klorini huhisi umbo moja tu la klorini hiyo, lile lenye nguvu ya kuua vijidudu, na kiasi cha umbo hilo hutegemea pH. Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu. Kwenye pH 8 ni kama robo. Kwa hiyo kihisi cha klorini kinaweza kuonyesha upungufu wakati kilichobadilika ni pH, na opereta akaongeza dawa isiyohitajika. Fundi hubeba kidonge cha kupimia klorini (DPD), hukiponda kwenye maji, hutazama ukali wa rangi ya waridi, kisha hurudi kukihoji kihisi cha pH kabla hajakigusa cha klorini. Kioo cha pH kikiwa kizima hutoa milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi joto 25. Kikishuka kuelekea 50 kimezeeka na kinastahili kustaafu. Kikihifadhiwa mahali pakavu hufa kabla ya wakati wake, kwa hiyo kofia yake hutiwa maji ya chumvi ya potasiamu. Na pale gesi ya klorini inapotumika, kihisi cha king'ora chake hufungwa karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu na hutambaa chini kwanza.

Hata mahali pa kuchotea sampuli pana elimu yake. Kipima tope kikiwekwa mita 30 kutoka kwenye chujio, na kijibomba chenye upana wa milimita 12 kikapitisha nusu lita kwa dakika, kinachosomwa ni maji ya dakika saba zilizopita. Wakati wa masika mto unapobadilika rangi ghafla, dakika saba ni nyingi. Nimemsikia fundi mmoja akibishana kwa adabu lakini bila kulegea na wakubwa zake, akitaka kifaa kisogezwe mita 25. Hakuwa anaomba kifaa kipya. Alitaka habari zimfikie opereta mapema, na alikuwa sahihi.

Mazingira yetu nayo hayampi likizo. Pwani, chumvi ya hewani hula teminali za shaba mpaka zinakuwa za kijani. Mijusi huingia kwenye paneli kufuata wadudu wanaofuata mwanga, na mmoja akikanyaga fito mbili za umeme kwa pamoja, huzima kituo kizima. Nyigu hujenga ndani ya matundu ya kupumulia. Kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako radi ni jambo la kawaida kuliko sehemu nyingi duniani, fundi huukagua mfumo wa athi kabla ya mvua na kuhesabu vizuia-radi vilivyojitoa mhanga baada yake. Utando wa chuma unaoizunguka kebo ya ishara huufunga kwenye athi upande mmoja tu, maana akiufunga pande zote mbili, tofauti ndogo ya volti kati ya athi moja na nyingine itasukuma mkondo wake ndani ya utando na kelele itaingia kwenye namba.

Katika yote haya, kuna tabia moja inayonionyesha fundi wa kweli ni yupi, nayo haihitaji zana. Ni safu ya kwanza kwenye fomu ya ukaguzi, ile ya jinsi kifaa kilivyokutwa. Kabla hajasafisha, kabla hajakaza, kabla hajagusa kitufe, anaandika kifaa kilikuwa kinasema nini na kipimo cha kulinganishia kilikuwa kinasema nini. Kishawishi cha kurekebisha kwanza na kuandika baadaye ni kikubwa, kwa sababu fomu hutoka safi na hakuna anayeulizwa maswali. Lakini safu hiyo ikikosekana, mamlaka haiwezi kujua kama ankara na ripoti za miezi sita iliyopita zilisimama juu ya namba za kweli, na haiwezi kujua kifaa hiki huchepuka kwa kasi gani ili kipangiwe ukaguzi wa mapema zaidi.

Ikitokea kosa liko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, fundi mzuri hakigusi kifaa. Wanafunzi huliona hili kuwa gumu kulikubali. Wamepanda ngazi ndefu, wana bisibisi mkononi, skrubu ya kurekebishia iko mbele yao, na tofauti ya asilimia 0.2 inawakodolea macho. Wakiigeuza kila wanapopita, watakuwa wanaufukuza mtetemo wa vipimo vyao wenyewe, na kumbukumbu ya kifaa itapotea. Fundi anaisoma namba mara ya pili, anaiandika kwenye safu ya kwanza, kisha anaiandika ile ile kwenye safu ya jinsi kifaa kilivyoachwa, anatia sahihi na tarehe, na kumkabidhi kijana fomu ili ashuke nayo.